Pembeni Ipi?

Jamani, kutembea Kariakoo siku hizi ni kama kucheza rede. Njia ya waenda kwa miguu ipo, tena ilitandikwa pevingi nzuri tu, ila nenda ukaitafute! Hapa meza ya soksi, pale bodaboda tatu zimeegeshwa, mbele mfuniko wa chemba umeshauzwa chuma chakavu na shimoni wamechomeka tawi la mti, eti ndiyo alama. Mvua ikinyesha ndiyo usiseme: unakanyaga pevingi iliyolegea, maji meusi yanakurukia mpaka magotini. Jumamosi, Mtaa wa Congo, nimeshuka barabarani kukwepa shimo, mkokoteni ukanikwangua kisigino. Na mwenye mkokoteni ndiye anayefoka, “Dada, pita pembeni!” Pembeni ipi, kaka yangu?