Mtoto wa ziwa asiyejua kuogelea

Wiki sita zilizopita nilijiandikisha kwa triatloni ya hisani. Chekeni, nangoja mmalize. Kuogelea mita 750, kinga (ndiyo baiskeli) kilomita 20, kukimbia kilomita 5, na kila atakayefika mwisho watu wake wanatoa pesa kwa ajili ya watoto wagonjwa. Fulana zimeshachapishwa, bila shaka. Fulana huwa hazichelewi.

Kikao cha kwanza, jamaa mmoja aliyehamia hapa juzi akanigusa bega: "Wewe mzaliwa wa Goma, kuogelea si kitu kwako." Nikachekacheka. Kisha kocha akasema anayejua kuogelea anyooshe mkono. Tulikuwa kumi na tisa. Ikapanda mikono mitatu, yote ya wanaume, na mmoja wao alijifunzia Ubelgiji.

Sijapoa hadi leo. Maji tunayachota ziwa Kivu, nguo tunafua Kivu, sambaza, wale samaki wadogo, tunazila mpaka tunazichoka. Jumamosi tunashuka na sabuni kuoga. Tunaoga, hatuogelei. Ziwa lenyewe halina mamba wala kiboko, na bado tunaliogopa kuliko volkano ya Nyiragongo, ambayo mwaka 2002 ilipita katikati ya mji na 2021 ikarudi kutusalimia. Mlima ukiwaka kila mtu anajua la kufanya: godoro kichwani, watoto mbele, barabara ya Sake. Boti ikipinduka je?

Mnaikumbuka tarehe 3 Oktoba 2024. Boti imetoka Minova, imebakiza kidogo tu ifike bandari ya Kituku hapa Goma, mchana kweupe, watu wamesimama ufukweni wanaitazama inazama. Najua, ilikuwa imejaa kupita kiasi. Najua pia kwamba aliyebanwa katikati ya magunia na watu hata angekuwa samaki asingetoka. Hayo nayakubali, shingo upande. Lakini kocha alipotaja mita 750 sikuona mashindano. Niliona ule umbali ambao mtu anaweza kuita jina lako na ukamsikia, na usifike.

Hasira nyingine ni kwamba kaka zangu wanaogelea kidogo, wa kubabaisha, kwa sababu walipokuwa wadogo waliachwa wacheze majini. Sisi wasichana tuliachwa na bidoni, dumu la maji, kichwani. "Utajianika mbele ya watu?" Sasa nauliza: ni nani anayejaa kwenye boti za Minova na Idjwi siku za soko? Ni akina mama wenye maharage na ndizi. Wasioweza hata kuelea ndio wanaovuka kila wiki.

Bwawa la hoteli lipo, ila kuingia ni mboga ya nyumba nzima. Kwa hiyo mwalimu wangu ana miaka kama kumi na miwili, anachota maji huku mtaani Himbi na kuyauza, na ananitoza franka elfu moja kwa somo. Siku ya kwanza alinipa bidoni tupu ya manjano, ilikuwa ya mawese, harufu bado imo.

"Ikumbatie, dada. Sasa puliza."

"Nipulize wapi?"

"Ndani ya maji. Ukifunga pumzi unakakamaa kama jiwe."

Kocha mwenye filimbi alituambia hilohilo wiki mbili baadaye, kwa maneno mengi zaidi.

Ni huyohuyo aliyenikataza kuja alfajiri. Programu niliyoikuta kwenye intaneti inataka uwe majini kabla ya jua, na aliyeiandika ni wazi hajawahi kusikia mazuku. Ile ni hewa ya sumu inayotoka ardhini, nzito, usiku upepo ukitulia inalala kwenye mashimo ya kandokando ya ziwa, na asubuhi mnakuta mbuzi miguu juu. Mtoto akaninyooshea kidole bonde dogo nyuma ya ukuta: "Pale usipite hata ukikimbizwa." Hiyo haimo kwenye programu yoyote.

Kuhusu kinga sina mengi. Vijana wa chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, wanaoteremka kutoka Kibumba na makaa wamenipita mara mbili, na mara ya pili mmoja alinipungia mkono. Kukimbia, mawe ya volkano yamemaliza soli.

Kuogelea kunatangulia kwa sababu mtu aliyechoka anazama. Ile triatloni ya San Diego ya mwaka 1974, inayohesabiwa kuwa ya kwanza, ilianza na mbio na kumalizia majini, baadaye wakageuza. Wenzetu wamekaa wakafikiria hata uchovu wa mtu anayeogelea kwa kupenda mwenyewe. Sisi anayevuka kwa lazima tunamwambia "Mungu akutangulie", tunampakilia gunia.

Nimemwomba mama mdogo aje ajifunze nami. Huyu huvuka kwenda Minova kila wiki, tangu mimi sijaanza shule. Alinitazama kama nimetukana. "Mimi? Nivue kitenge mbele ya watoto wa watu?"

Jumamosi iliyopita nikiwa nimekumbatia bidoni, napuliza kama nyati, nikamwona amesimama kwenye mawe. Akakunja kitenge, akaingia mpaka magotini, akabaki pale akituangalia kwa muda mrefu, mtoto akiniimbia "puliza, puliza". Nikafikiri, haya, leo ndiyo leo.

Akanyoosha mkono. Bidoni ya siku hiyo ilikuwa yake. Niliichukua jikoni bila kumwambia, na nyumbani hakukuwa na maji.

Sikulazimika kuogelea kurudi. Nilitembea. Lakini mtoto anasema kabla sijaiachia nilikuwa nimeenda peke yangu, miguu juu, hatua kama nne.