Mbele ya Nyumba

Mjomba alikuja Belfast kututembelea kutoka Tanga, na Jumapili tukampeleka County Down kuona Castle Ward, jumba la kale la ukoo wa Ward, matajiri wa ardhi kwenye ukingo wa Strangford Lough, ghuba ya bahari. Yeye na mke wangu wakatangulia na mkeka, sahani na vijiko. Mimi nikabaki maegeshoni nikipambana na hotpoti ya pilau iliyokwama chini ya kiti. Tukakubaliana tukutane mbele ya nyumba. Kuna ahadi nyepesi kuliko hiyo?

Nikafika mbele ya nyumba. Nguzo ndefu, pembetatu ya mawe juu yake, kila kitu kimenyooka kama kimepigwa rula. Watu wangu hawapo. Nikapiga simu.

"Mjomba, mko wapi?"

"Mbele ya nyumba."

"Mbona mimi ndiye niko mbele ya nyumba!"

"Wewe kijana usinichezee. Nimeipa nyumba mgongo, naiona bahari hii hapa."

"Bahari gani tena? Nguzo huzioni?"

"Nguzo za nini? Hapa pana madirisha yamechongoka juu kama ya msikiti."

Msikiti! Nikajua mzee ameshapotea. Nikamwambia asibanduke, namfuata. Simu ikakata kabla ya "asibanduke". Basi mimi nikazunguka jumba kwa kulia, naye kumbe akazunguka kwa kulia kwake. Nikayakuta madirisha ya msikiti bila mjomba, yeye akazikuta nguzo bila pilau. Mke wangu alikuwa anamfuata nyuma na mkeka, hasemi kitu, na mwenye ndoa anajua ukimya huo una maana gani.

"Sasa nguzo naziona!"

"Mimi sasa naona madirisha!"

"Si ulisema uko kwenye nguzo?"

Mvua ikaanza. Ireland ya Kaskazini hiyo, isingekosa.

Aliyetuokoa ni mama mmoja muongozaji, aliyetukusanya wote ukumbini. Akatueleza kwamba jumba lilijengwa miaka ya 1760 na Bernard Ward, ambaye baadaye alipewa cheo cha Viscount Bangor, pamoja na mkewe Lady Ann. Mume alitaka nyumba ya mtindo wa Wagiriki na Warumi, mke akataka ya Kigothi, yenye madirisha yaliyochongoka juu. Hakuna aliyekubali kushindwa. Wakaigawa katikati: upande wa nguzo wa bwana, upande wa bahari wa bibi, hadi vyumba vya ndani vikafuata mgawanyo huo. Kila upande ni mbele. Ndoa haikudumu, Lady Ann akaondoka zake, jumba likabaki na nyuso zake mbili.

Mjomba, baraghashia imelowa chapachapa, akawa na swali moja tu.

"Chumba cha kulia kiko upande wa nani?"

"Wa bwana."

Akanipokonya hotpoti.

"Unaona? Mwenzake kaachiwa madirisha, yeye kakalia chakula. Mimi ningeondoka hata paa halijaezekwa."