Chupa ya ketamini iliyo kabatini mwetu

Mdogo wangu aliniuliza tukiwa jikoni, tunamenya ndizi: "Dada, ile dawa mnayowachoma watu wa ajali wasisikie maumivu, ni kweli inatibu sonona?" Alikuwa ameisoma kwenye simu. Huu ni mwaka wake wa saba na sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoachia. Alianza na amitriptilini, ikamkausha mdomo na kumlaza mchana kutwa. Akahamishiwa fluoksetini, akaimeza miezi minane bila kuruka siku, na bado asubuhi zilimkuta amegeukia ukutani. Sonona ikigoma kuachia baada ya dawa mbili, kila moja kwa dozi kamili na muda wa kutosha, hospitali tunaiita sonona sugu, kama tunavyosema kifua kikuu sugu.

Nikamjibu ndiyo, kwa baadhi ya watu. Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta namna ya kumalizia jibu.

Mimi ni muuguzi wa usingizi, yaani ninayewalaza wagonjwa kwa dawa wakati wa upasuaji. Ketamini naijua kwa mikono. Ilitengenezwa mwaka 1962 na mkemia Calvin Stevens, huko Detroit, Marekani, ikaidhinishwa mwaka 1970, na tangu 1985 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hospitali zetu zinaipenda kwa sababu rahisi: aliyelazwa kwa ketamini kwa kawaida anaendelea kuvuta pumzi mwenyewe na presha yake haiporomoki, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya upasuaji huna hofu ile ya dawa nyingine. Shida yake ni ndoto. Nimewashika mikono akina mama walioamka wakilia kwamba walikuwa wanaelea darini, wanaitazama miili yao wenyewe.

Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha majaribio ya wagonjwa saba tu wa sonona waliopewa dawa hii kwa dripu ndogo: nusu miligramu kwa kila kilo ya mwili, taratibu, kwa dakika 40. Mtu wa kilo 60 anapata miligramu 30. Mimi kwa upasuaji humpa mtu huyo 60 hadi 120 kwa mkupuo. Chupa yetu ya kawaida ina miligramu 500. Nilipopiga hesabu hiyo mara ya kwanza niliirudia, nikidhani nimekosea nukta.

Mwaka 2006 taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani ikarudia kwa watu wachache waliokwisha kushindwa na dawa nyingine, na saa 24 baadaye asilimia 71 walikuwa wamepata nafuu kubwa. Saa 24! Vidonge tunavyovijua vinadai wiki nne hadi sita. Ila utafiti ninaouamini zaidi ni wa mwaka 2013, kwa sababu waliolinganishwa hawakupewa maji ya chumvi yasiyo na dawa, walipewa midazolamu, dawa ya kutuliza, ambayo nayo inamlevya mtu kidogo hivyo si rahisi kubahatisha umepewa ipi. Siku iliyofuata, nafuu ilionekana kwa asilimia 64 ya waliopata ketamini na 28 ya waliopata midazolamu. Tofauti hiyo ni kubwa. Lakini ile 28 nayo naomba isisahaulike, maana inaonyesha kukaa chini ya uangalizi wa mtu anayekujali, ukiwa na tumaini, nako kuna kazi yake.

Linganisha na safari ya vidonge. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliohusu maelfu ya wagonjwa, baada ya dawa mbili kushindwa, ya tatu iliwaondolea dalili watu wapatao 14 tu katika kila 100. Nikimtazama mdogo wangu na namba hiyo mkononi, siwezi kumwambia "vumilia, tutajaribu kidonge kingine" kana kwamba ni jambo dogo.

Sasa upande ambao matangazo hayausemi. Nafuu ya dripu moja kwa wengi huyeyuka ndani ya wiki moja hivi. Ndiyo maana wanaoitoa kwa utaratibu huirudia mara mbili kwa wiki kwa wiki kadhaa, na hata hapo ugonjwa unaweza kurudi. Presha hupanda wakati dawa inaingia. Anayeitumia ovyo kwa muda mrefu huharibu kibofu cha mkojo, na uraibu upo. Mwigizaji Matthew Perry alikuwa anatibiwa sonona kwa ketamini, lakini iliyomuua Oktoba 2023 aliipata nje ya tiba hiyo, na kiwango kilichokutwa mwilini mwake kilikuwa cha nusukaputi. Anayekuuzia dripu moja kama uponyaji, au kukupa dawa uende nayo nyumbani, mkimbie.

Huko Marekani, tangu 2019 kuna dawa ya kupuliza puani, Spravato, iliyotokana na umbo moja kati ya mawili ya molekuli ya ketamini, yanayofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Ina hataza, yaani haki ya kampuni moja pekee kuiuza, na kila dozi inagharimu mamia ya dola. Uingereza, taasisi inayoshauri huduma ya afya ya taifa ilikataa kuipendekeza, gharama ikiwa moja ya sababu. Ketamini yetu ya chupa haina hataza tena, ni rahisi, na hapo ndipo ninapokasirika: ni vigumu kupata kampuni ya kugharamia kuisajili kwa ajili ya sonona, kwa sababu faida ya kuvuna ni ndogo. Tukisubiri soko, watakaofikiwa ni wenye pesa wa mijini. Hili ni jukumu la serikali na hospitali zake za rufaa, ambako daktari wa akili na mtu wa usingizi wanaweza kukaa chumba kimoja.

Najua tutakachoambiwa. Dripu ni dakika 40, kisha mgonjwa anahitaji kuangaliwa kwa saa mbili hivi, na muuguzi wa kumwangalia hayupo. Ni kweli, hayupo. Hata hivyo mashine ya presha tunayo, ya oksijeni ya damu tunayo, na mikono iliyozoea dawa hii tunayo kuliko nchi nyingi zinazoiuza ghali. Wakati huohuo Kanuni yetu ya Adhabu hapa Tanzania bado inamhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, jambo ambalo Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka Januari 2025 kwamba linakiuka katiba yao. Mgonjwa anayeogopa polisi hatafika kwenye dripu yoyote.

Nimeandika barua kwa Kamati ya Dawa na Tiba ya hospitali yetu. Naomba kitanda kimoja, siku moja kwa wiki, daktari wa akili akiwa ndiye anayechagua wagonjwa na kuwafuatilia baadaye. Kabla ya kuipeleka nilimpa mdogo wangu aisome. Aliisoma polepole, akaomba kalamu. Mahali nilipoandika "wagonjwa walioshindikana" akapiga mstari, akaandika juu yake "wagonjwa ambao dawa zimewashindwa", akanirudishia.