Difu Chini ya Mwembe

Ukitaka kujua Kisumu ina wataalamu wangapi, toa difu ya gari kuukuu, lile boksi la gia la eksili ya nyuma linalopeleka nguvu kwenye tairi, uiweke nje. Yangu ya Toyota DX imelala chini ya mwembe na kutu yake, na kila mpita njia lazima asimame, aipige teke, kisha atoe hukumu. Teke la bure halipo. Baada ya teke ni ushauri, baada ya ushauri ni "mzee, niachie basi ya chai."

Kutu yenyewe imeletwa na shemeji. Aliazima gari, akaliegesha huko Dunga ufukweni mwaka wa 2020, Ziwa Victoria lilipopanda hadi kuvuka rekodi ya 1964. Watu wakahamisha mbuzi na magodoro. Shemeji akahamisha redio ya gari. Juu ya eksili kuna katundu ka difu kupumulia. Maji yakapanda, yakaingia humo bila hodi. Tulipofungua boliti ya chini hayakutoka mafuta, ilitoka chai ya maziwa. Shemeji akachungulia, akasema, "Lakini haikukauka."

Basi sikiliza hukumu. Wa kuchomelea pale Kibuye: "Mkubwa, hii ni kuchomelea tu." Achomelee nini, na hakuna palipotoboka! Wa spea: "Tupa hiyo, niko na eksi-Japani." Nikamuuliza rasio. Akajibu, "Ni ya Toyota." Yangu kraun, gia kubwa, ina meno 41 na pinioni, gia ndogo inayoisukuma, ina 10, yaani propela, ile shafti inayotoka kwenye giaboksi, izunguke mara nne na ushee ndipo tairi zizunguke mara moja. Nikifungiwa ya rasio ndefu, ambayo propela huzunguka mara chache zaidi, mlima wa Riat nitaupanda na gia ya kwanza, nikipitwa na mama mwenye ndoo ya omena kichwani. Wa skrapu hakupiga teke. Aliinua upande mmoja, akapumua, akataja kilo ambazo hata gurudumu la baiskeli linazipita.

Mama watoto naye: "Baba, hiyo kitu ikikaa hapo mpaka mvua, napanda sukuma juu yake."

Nikaona heri niiulize difu yenyewe. Mafuta taa, brashi ya waya, kitambaa. Kutu ya nje ya hauzingi, yaani ganda lake, haina neno, ile ni rangi tu. Kesi iko kwenye meno. Nikapitisha ukucha jino kwa jino: ukiteleza, jino zima, ukikwama kwenye kishimo, hapo ndipo kilio cha difu kitaanzia ukifika kilomita sitini kwa saa. Wekundu ukatoka na kitambaa, ukucha ukateleza meno yote 41. Beringi za pembeni, hizo ndizo zimeliwa vishimo vishimo. Zinatoka, na sili zote zinatoka. Kraun na pinioni zinarudi vilevile, zote mbili, maana zilisagwa pamoja kiwandani. Kuna kijana alitaka kuniuzia pinioni peke yake. Nilimpa maji ya kunywa nikamwonyesha lango.

Kwa hivyo inarudi garini, wapende wasipende. Kilichobaki ni kupima uchezaji wa meno, ile nafasi ndogo kati ya meno ya kraun na ya pinioni. Fundi akashika pinioni, akatikisa kraun kwa kidole, akafumba macho, akasema, "Sawa kabisa." Nikamuuliza geji iko wapi.

"Geji? Si shemeji yako aliiazima."