C au asembli katika kurekebisha gemu za Game Boy Advance: shutuma ya uvivu inapokosa msingi

Miongoni mwa watu wanaorekebisha gemu za Game Boy Advance, mashine ya mkononi ya Nintendo, kuna shutuma ya muda mrefu dhidi ya wale wanaoandika marekebisho yao kwa lugha ya C, ambayo programu iitwayo kompaila huigeuza kuwa amri za kichakataji, badala ya asembli, ambamo mtu huandika amri hizo mwenyewe moja moja. Inadaiwa kwamba wanakwepa kuijua mashine, kwamba msimbo wao ni mnene na mzito, na kwamba asiyeweza kupanga amri za kichakataji kwa mkono wake mwenyewe hajafikia kiwango cha kuigusa ROM, yaani faili lenye gemu nzima. Shutuma hiyo ina ukweli ndani yake, na ukweli huo nitaueleza kwa haki. Hata hivyo, sehemu yake kubwa imejengwa juu ya dhana potofu kuhusu namna gemu hizo zilivyotengenezwa, na imewapotezea wanaoanza muda mwingi katika kazi ambayo kompaila huifanya vizuri kuliko binadamu aliyechoka.

Pokémon FireRed na Emerald, ambazo pengine ndizo gemu zinazorekebishwa zaidi katika mashine hiyo, ziliandikwa kwa C. Hili si jambo la kukisia. Mradi wa pret, kundi la wapenzi wa gemu hizo, umezirudisha gemu hizo katika msimbo wa C ambao, ukipitishwa kwenye toleo la zamani la kompaila ya GCC, hutoa ROM inayolingana na ile ya dukani baiti kwa baiti. Maana yake ni kwamba zile amri za Thumb, yaani amri fupi za biti 16 za kichakataji hicho, ambazo mrekebishaji huzisoma kwa heshima kubwa ndani ya ROM, akiziiga kama mfano wa ufundi wa asembli, kwa sehemu kubwa hazikuandikwa na mtu. Zilitoka kwenye kompaila. Hata utaratibu anaolazimika kuufuata, yaani kupokea thamani nne za kwanza katika rejista (vihifadhi vidogo ndani ya kichakataji) r0 hadi r3, kurudisha jibu katika r0, na kutoharibu r4 na zinazofuata, ni kanuni za kompaila ya C. Kumlaumu anayeongeza funksheni (kipande cha msimbo chenye kazi yake) ya C katika ROM ya namna hiyo ni sawa na kumlaumu fundi cherehani kwa kushona kiraka kwa mashine ilhali vazi zima lilishonwa kwa mashine.

Tofauti baina ya njia hizi mbili huonekana vizuri katika kazi ndogo. Tuseme tunataka kujua kama katika kikosi cha mchezaji kuna Pokémon aliyebakiwa na uhai. Katika gemu hizo mbili kila Pokémon wa kikosini huchukua baiti 100, nao sita hupangwa mfululizo, hivyo kikosi kizima ni baiti 600. Kiasi cha uhai ni namba ya biti 16 inayoanzia kwenye baiti ya 86. Mwandishi wa asembli anapaswa kuyashika mambo matatu kichwani: hatua ya 100 kutoka mmoja hadi mwingine, nafasi ya 86, na upana wa baiti mbili. Sasa tuchukulie kwamba ameandika ldrb, ambayo husoma baiti moja, mahali pa ldrh, ambayo husoma mbili. Asembla, programu inayoigeuza asembli kuwa msimbo wa mashine, haitalalamika, kwa sababu amri zote mbili ni halali. Majaribio yake yote yatapita, kwa kuwa mwanzoni mwa gemu uhai wa Pokémon huwa chini ya 256 na baiti ya kwanza ndiyo namba nzima. Atasambaza kazi yake akiwa na amani moyoni.

Kisha siku moja, mchezaji mmoja, katikati ya pambano, anabakiwa na Pokémon mwenye uhai wa 256 kamili. Baiti ya kwanza ya 256 ni sifuri, na marekebisho yanamhesabu Pokémon huyo kuwa amezimia. Akiwa na 257 anahesabiwa kuwa mzima. Akiwa na 300 vilevile ni mzima, kwa sababu baiti ya kwanza ni 44, nayo si sifuri. Kosa hujitokeza kwenye 256 na 512 tu, kisha hujificha tena. Mchezaji ataripoti kwamba mara nyingine gemu inakosea, mwandishi atajaribu na kuona kila kitu kiko sawa, na wote wawili watakuwa wamesema kweli. Nimelikazia kosa hili kwa sababu linaonyesha aina ya gharama ambayo wanaoitetea asembli kwa nguvu huwa hawaihesabu. Baiti na mizunguko ya kichakataji huhesabiwa kila siku, ilhali juma zima la kutafuta herufi moja halimo katika hesabu yoyote.

Katika C umbo la Pokémon hutangazwa mara moja, na kipengele cha uhai hutajwa kuwa ni cha biti 16. Tangu hapo kompaila ndiyo inayochagua upana wa kusoma. Ndiyo pia inayokumbuka jambo jingine linalowasumbua wengi: katika Thumb, ldrh huweza kubeba umbali usiozidi 62 ndani ya amri yenyewe, na ldrb usiozidi 31, kwa hiyo 86 haiingii na ni lazima kwanza ijumlishwe au iwekwe katika rejista nyingine. Mtu anaweza kuyafanya haya yote kwa mkono, na wapo wanaoyafanya kwa ustadi mkubwa. Lakini endapo mwandishi wa C amekosea katika kutangaza umbo lile, kosa litaonekana kila mahali kwa wakati mmoja, atalibaini mapema, na atalisahihisha katika mstari mmoja. Kosa la asembli hukaa peke yake mahali pamoja, nalo halina dalili.

Faida hiyo huendelea pale kazi inapohamishwa. Katika toleo la kwanza la FireRed la Marekani kikosi cha mchezaji kinaanzia kwenye anwani 0x02024284, na katika Emerald ya Marekani kwenye 0x020244EC. Anayeandika kwa C huweka anwani za namna hii, pamoja na anwani za funksheni za gemu anazoziita, katika faili la linka, programu inayounganisha vipande vya msimbo na kuvipa anwani, na msimbo wenyewe ukabaki ulivyo. Ni kweli kwamba mwandishi makini wa asembli naye hutumia majina badala ya namba tupu. Hata hivyo, majina hayo hayamwelezi mtu wa tatu nia ya amri thelathini zilizopangwa kwa kubana rejista. Katika shughuli inayofanywa na watu wa kujitolea, ambao huacha kazi wakati wowote maisha yanapowaita, uwezo wa mtu mwingine kuisoma na kuiendeleza ni jambo zito mno. Complete Fire Red Upgrade, mradi ulioandikwa kwa kiasi kikubwa kwa C, ulitoa msingi ambao wengine wameujengea gemu zao. Siamini kwamba mfumo mpana kiasi hicho wa mapambano ungeweza kupokezwa kwa wageni kama ungekuwa asembli tupu.

Kuhusu unene wa msimbo, hoja ni dhaifu kuliko inavyodaiwa. ROM ya FireRed ni megabaiti 16, na mashine inaruhusu hadi megabaiti 32. Hata kama kila funksheni ya C ingechukua nafasi mara mbili ya ile ya mkono, nafasi iliyopo ingetosha kwa miaka ya kazi. Anayevuka megabaiti 16 anapaswa tu kuacha kusambaza marekebisho yake kwa viraka (faili za mabadiliko tu) vya IPS, ambavyo haviwezi kutaja nafasi zilizo mbali zaidi ya hapo, na kutumia viraka vya aina ya UPS au BPS.

Upande wa asembli una hoja nzito katika maeneo mengine. Ya kwanza ni namna ya kuingia. ROM haijui kuwapo kwa funksheni mpya hadi mahali fulani katika msimbo wa zamani pafutwe na kuandikwa mruko, yaani amri za kuhamia kwenye msimbo mpya. Mruko wa kawaida huchukua baiti nane: amri ya kupakia anwani katika rejista, amri ya bx, kisha anwani yenyewe ikiongezwa moja ili kichakataji kibaki katika hali ya Thumb. Ukiuweka mwanzoni mwa funksheni na kuibadilisha yote, C inatosha. Ukiuweka katikati, rejista zimebeba thamani ambazo C haina njia ya kuzitaja, na amri zilizofutwa ni lazima zirudiwe mahali pengine kabla ya kurejea. Hapo asembli haina mbadala, na anayejaribu kuikwepa huishia kuvunja gemu bila kujua amevunja nini.

Hoja ya pili ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu inagusa kile hasa ambacho C huahidi. Katika programu ya kawaida, mtu akitangaza kigeu (mahali penye jina pa kuweka thamani) cha kudumu, msimbo wa kuanzisha programu hukipa mahali na thamani ya mwanzo. Katika ROM iliyorekebishwa msimbo huo wa kuanzisha ni wa gemu ya zamani, wala haumtambui mgeni. Kigeu kilichotangazwa bila maelekezo kwa linka kinaweza kuwekwa ndani ya eneo la ROM, ambako kuandika hakufanyi kitu: hakuna onyo, hakuna kusimama, thamani haibadiliki tu. Mwandishi wa asembli hatumbukii katika shimo hili, kwa sababu alilazimika tangu mwanzo kujiuliza ni baiti zipi za kumbukumbu ambazo gemu haizitumii. C inamficha mtu swali hilo, na anayefundisha C bila kulileta mbele katika somo la kwanza anawadhulumu wanafunzi wake. Mambo kama kugawanya namba ni mepesi zaidi. Kichakataji hicho hakina amri ya kugawanya, hivyo alama ya kugawa katika C huita funksheni ya msaada, lakini gemu yenyewe tayari inayo na inatosha kuielekeza linka huko.

Kuhusu kasi, swali ni mara ngapi msimbo unaitwa. Fremu moja, yaani picha moja ya skrini, ina mizunguko 280,896 ya kichakataji, na fremu hukaribia 60 kwa sekunde. Funksheni inayoitwa mara moja mwishoni mwa pambano inaweza kuwa nzito na hakuna atakayehisi. Msimbo unaoitwa kwa kila mstari wa skrini una mizunguko 1,232 tu hadi mstari unaofuata. Huko amri za ARM, zile ndefu za biti 32 za kichakataji hicho, zilizopangwa kwa mkono na kuwekwa katika zile kilobaiti 32 za kumbukumbu ya kasi zina thamani ya kweli.

Kwenye Game Boy ya 1989 ningejibu kinyume kabisa. Kichakataji chake cha biti 8 kina rejista chache, hakiwezi kufikia thamani zinazopewa funksheni kwenye rafu ya kumbukumbu kwa wepesi, na msimbo umegawanywa katika vyumba vya kilobaiti 16. Pokémon Red yenyewe iliandikwa kwa asembli. Kuingiza C humo ni kuilazimishia gemu kanuni ambazo haikuwahi kuwa nazo, na hapo wanaoitetea asembli wana haki kamili.

Watengenezaji wa Emerald walikwishachora mpaka huu wenyewe, nao unaonekana katika msimbo uliorudishwa. Karibu kila kitu ni C: mapambano, ramani, menyu, uhifadhi. Vilivyobaki katika asembli ni vichache, vikiwamo msimbo wa kuianzisha mashine, miito ya BIOS (programu ya msingi iliyomo ndani ya mashine), na kiini cha injini ya muziki, ambacho huchanganya sauti fremu baada ya fremu. Kwa Emerald na FireRed, mtu anayeanza leo anaweza kufanya kazi moja kwa moja katika msimbo huo wa C na asihitaji kuweka mruko hata mmoja. Kwa gemu ambazo bado hazijarudishwa, mruko unabaki kuwa mistari michache ya asembli na mengine yote yanaweza kuwa C, ingawa atalazimika kuisoma asembli ya gemu kwa ufasaha, kwa kuwa hiyo ndiyo sura pekee ya msimbo wa zamani aliyo nayo mbele yake.