Debi haitupi kombe

Jumapili nilikuwa kwa dada yangu, Umoja. Mumewe ni shabiki wa K'Ogalo, yaani Gor Mahia, wa kufa kuzikana, mimi ni wa Ingwe, AFC Leopards, tangu utotoni, kwa hiyo jina la Mashemeji, ile debi ya mahasimu hawa wawili wa soka, kwetu si la magazetini tu. Mpwa wangu wa miaka tisa, jezi ya kijani ya Gor ikimfika magotini, aliweka andazi chini akaniuliza: "Mjomba, nyinyi mlishawahi kuchukua ligi?"

Shemeji akainuka ghafla kutafuta sukari ambayo ilikuwa mezani.

Nikamwambia ndiyo, 1998. Nikaongeza Kombe la CECAFA la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati, mara tatu mfululizo, 1982 hadi 1984. Alinitazama kama anayesimuliwa habari za sungura na fisi. Na ana haki. Tangu tulipobeba ligi mara ya mwisho, Mathare United wamebeba, Sofapaka wamebeba, Tusker wamebeba hadi wamezoea, Gor walifikisha mataji 21 mwaka 2024, na msimu uliofuata Kenya Police wakalichukua kwa mara ya kwanza. Police! Mashabiki wao unawapakia kwenye matatu moja na kondakta bado anaita abiria.

Wenzangu husema tatizo ni pesa. Timu za mashirika hulipa mishahara tarehe ikifika, sisi tunaishi kwa michango na ahadi. Sikatai. Lakini Gor nao ni timu ya wananchi kama sisi, na shida za pesa wanazijua vizuri. Walikaa bila ligi kuanzia 1995 mpaka 2013, kisha wakaamka.

Mimi nadhani sisi mashabiki wa Ingwe tumeigeuza debi kuwa ubingwa wetu. Tukimfunga Gor, msimu umefaulu, hata tukimaliza wapi. Tukifungwa, tunataka kocha afukuzwe kabla jua halijatua. Siku ya debi uwanja wa Nyayo unajaa, ngoma za isukuti zinalia kuanzia asubuhi, watu wametoka Kakamega usiku kucha. Pointi zinazogombewa ni tatu.

Nilikwenda uwanja wa Dandora Jumatano moja, saa tisa alasiri, kuitazama timu yetu ikicheza na wenzetu waliokuwa wakihangaika wasishuke daraja. Upande wangu wa jukwaa ungeweza kutuhesabu bila kalamu. Mpiga isukuti alikuwa mmoja, mzee wa kofia ya bluu, na alipiga dakika kumi hivi kisha akaigeuza ngoma kiti. Tulikuwa tukiongoza bao moja. Dakika za nyongeza ikapigwa kona, beki wetu akaruka na mtu asiye wake, mpira ukapita katikati yao wote, kipa akabaki kuuangalia wavuni. Sare. Hakuna aliyepiga kelele. Mwenye njugu alifunga ndoo yake, na yule mzee akasema taratibu, "Pointi hizi mbili tutazililia mwishoni." Sikuona mtu akibishana kuhusu mechi hiyo mtandaoni. Ingekuwa debi, tungekuwa bado tunaijadili.

Marehemu baba hakuwa hivyo. Alikuwa akinipeleka City Stadium, ule uwanja ambao siku hizi umepewa jina la Joe Kadenge, na hakuuliza kwanza tunacheza na nani. Alikuwa akiuliza tu kama nauli ipo.

Basi pale mezani nikamwahidi mpwa wangu kwamba Jumatano nitampeleka uwanjani. Akarukaruka. Shemeji akacheka: "Unamharibia mtoto maisha, shem."

"Gor watakuwepo?" mtoto akauliza.

"Hapana. Ni sisi na timu nyingine."

Akafikiri kidogo, akalirudia andazi lake. "Sasa tutaenda kuona nini?"

Dada yangu alinitazama akisubiri jibu. Nikaomba chai nyingine.