Nani alikwambia damu yako ilikwenda wapi?

Huku England ukichangia damu, siku kadhaa baadaye unapokea ujumbe kwenye simu unaokuambia damu yako imepelekwa hospitali gani. Hawataji mgonjwa wala ugonjwa, wanataja hospitali tu. Ujumbe huo umenirudisha kwenye kiti cha kuchangia kuliko bango lolote.

Nimesikia Watanzania wenzangu wakisema Wazungu wana moyo wa kujitolea kutuzidi. Sikubaliani nao hata kidogo. Sisi tunachangia misiba, harusi, matibabu ya jirani na ada ya mtoto wa binamu, mwezi baada ya mwezi. Moyo tunao. Ila mtu akishatoa damu mara moja, mara nyingi hakuna anayemwita tena.

Masharti yenyewe yanakaribiana sana. Huku mwanamume husubiri wiki 12 na mwanamke wiki 16. Nyumbani ni miezi 3 na miezi 4. Tofauti ni kwamba huku siku zikitimia unakumbushwa na kupangiwa miadi. Kwetu wengi walichangia kwa sababu timu ya kukusanya damu ilifika chuoni, au shangazi alilazwa na ndugu wakaambiwa waje watoe. Shangazi akiruhusiwa, habari imeishia hapo.

Na damu haiwekeki kama mahindi ghalani. Chembe nyekundu hukaa kwenye jokofu wiki tano au sita hivi, chembe sahani, zile zinazogandisha damu, siku chache tu. Kwa hiyo chupa zilizojaa tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, haziwezi kumsaidia mama anayevuja damu baada ya kujifungua mwezi wa Septemba. Wala mtoto mwenye malaria kali aliyeishiwa damu, wala kijana wa bodaboda aliyegongwa usiku. Tena tunawategemea mno wanafunzi. Shule zikifungwa, ni nani anayejaza pengo? Hapo ndipo anapohitajika mtu mzima aliyekwisha kuchangia na kuona kuwa hakudhurika.

Huyo pia ndiye mwenye damu ya kuaminika zaidi. Kila chupa hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Anayerudi kila baada ya miezi michache anapimwa kila mara, anajijua, anajitunza. Zimbabwe waliliona hilo zamani: mwaka 1989 walianzisha klabu ya vijana wanaoahidi kuchangia mara 25 kabla ya kutimiza miaka 25.

Huku NHS, huduma ya afya ya umma, inawatafuta hasa watu wenye asili ya Afrika, kwa sababu wengi wetu tuna kijikundi cha damu kiitwacho Ro, kinachowafaa wagonjwa wa selimundu (sikoseli). Nalifurahia hilo, ila linaniuma pia. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye selimundu duniani, na damu inayowafaa imejaa mitaani kwetu.

Kama mara ya kwanza ulisikia kizunguzungu, usiape kutorudi. Kula vizuri kabla ya kwenda, kunywa maji ya kutosha, usinyanyuke haraka. Majimaji ya damu hurudi ndani ya siku moja au mbili, ila madini ya chuma huchukua miezi, ndiyo maana unapewa muda. Kula dagaa, maini, maharage, mchicha, na chai usinywe pamoja na chakula kwani huzuia chuma kufyonzwa.

Ninyi mnaosimamia vituo, nawasihi: nchi yetu hutuma ujumbe mtu akitoa shilingi elfu moja tu kwenye simu. Mliyemchukulia damu mnayo namba yake. Mwandikieni kwamba chupa yake imetumika, na miezi mitatu au minne ikitimia mwandikieni tena.

Nawe uliyechangia mara moja, usisubiri ujumbe huo. Tazama tarehe kwenye kadi yako. Ukiwa mwanamume hesabu miezi mitatu, mwanamke minne, kisha nenda kituo cha Damu Salama au hospitali ya mkoa iliyo karibu, na umchukue rafiki ambaye hajawahi kuchangia.